Mzinga Usio na Nyuki: Jinsi Nilivyopeleka Ndege Yangu Kitui

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na juzi mmoja wenu akanifuata mpaka kwa cherehani, suruali ya mteja bado iko chini ya sindano, ati nimweleze kama ni kweli nilishikwa upande wa Kitui na mzinga wa wizi. Sasa naandika mara moja, msome, mpitishiane, halafu mniache nishone. Nilishikwa, ndiyo. Mzinga haukuwa wa wizi. Na hasira niliyorudi nayo bado haijaisha, kwa hivyo mkiona nimepandisha sauti hapa na pale, mnivumilie.

Wengi wenu mnajua mimi hurusha ndege, ingawa mkiongea juu yake mnachekea kiganjani. Ni ndege ya mbao nyepesi na kitambaa. Mabawa yake yakiunganishwa ni marefu kuliko mimi nikilala, na haina injini. Unaitupa kwa mkono kutoka ukingo wa mlima, upepo unaopanda mlima unaibeba, nawe unabaki umesimama na redio yenye eriali ndefu, unaiongoza igeuke, ishuke, ipande. Alinifundisha Dinesh, yule kijana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la misumari na mabati mlango wa pili kutoka kwangu. Ndege niliitengeneza mwenyewe, ubavu kwa ubavu, na kitambaa nikakishona mwenyewe.

Redio ndiyo siwezi kutengeneza. Ile ni ya chama cha warushaji cha Nairobi, na Dinesh aliniachia alipohama. Mwaka huo chama kikatuma neno: kila mwenye redio ya chama aje kwenye mashindano ya Agosti, kwenye mlima fulani mashariki ya mji wa Kitui, aiweke ndege yake hewani nusu saa. Asiyefika, au asiyeweza, redio inachukuliwa inapewa mwingine. Sasa fikirieni. Bila redio ndege yangu ni pambo la ukutani, pamoja na kalenda. Hicho ndicho kilichonitoa nyumbani.

Sultan Hamud hadi Wote

Ndege yenyewe inavunjika vipande: mabawa mawili, mwili na mkia. Nilitafuta kitu kigumu cha kuibebea nikakosa. Masanduku ya duka yalikuwa mafupi, na la kutengenezwa na seremala lingekuwa zito kama kabati. Ndipo mume wangu, Baba Mueni, akaniletea mzinga wa zamani wa marehemu baba yake. Mnaijua mizinga yetu: gogo limechongwa ndani mpaka limebaki jembamba, mviringo, na vifuniko vya mbao huku na huku. Nyuki waliuhama miaka mingi iliyopita. Niliupiga msasa ndani, nikatandika blanketi, na kila kipande kikaingia vizuri kama mkono kwenye shati lililopimwa. Baba Mueni akafurahi sana na akili yake. Hakufikiria, na mimi sikufikiria, kwamba hapa Ukambani mzinga unatambuliwa na kila mtu kuanzia mtoto wa nasari, kwamba kazi ya nyuki ni ya wanaume, na kwamba ubavuni mwa ule mzinga baba yake alikuwa amechoma alama ya ukoo wao kwa chuma cha moto.

Balaa lilianza Emali, nilipotaka kupanda pikapu ya kwenda Wote.

"Mama, hiyo mzinga haipandi gari yangu," dereva akasema.

"Haina nyuki."

"Kila mtu husema hivyo mpaka tufike kwa kona."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma na Biblia yake kwa mfuko wa plastiki akainama, akaweka sikio kwenye mzinga, akafumba macho. "Wamo," akasema. "Nawasikia."

"Mzee wangu, husikii kitu. Ndani kuna mbao na kitambaa."

"Nasikia wakinguruma."

Haki ya Mungu, abiria wote wakanyamaza wasikilize, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuwasikia. Mama mmoja akasema ni wengi. Mwingine akasema ni wale wadogo wakali. Hata mimi nikajikuta nimeinamisha kichwa nisikilize nyuki nisiokuwa nao! Hapo ndipo hasira ikanipanda. Nikasema basi tumalize maneno, nikang'oa kifuniko waone wenyewe. Asi! Pikapu ikawa tupu. Waliruka pande zote, mama mmoja akaacha kiatu.

Hakuna kilichotoka. Nilidhani mambo yameisha. Dereva akaniangalia kutoka mbali na kusema, "Wametoka tayari. Wako hewani."

Na yule mzee, kwa nia njema, Mungu ambariki na amsamehe, akawasha kitambaa kikuukuu kwa kiberiti, akakipulizia kikaanza kufuka moshi, akaja anakielekeza kwenye mdomo wa mzinga ili awatulize waliobaki. Jamani! Ile ndege nimeipaka vanishi inayoshika moto kabla hujamaliza kusema moto. Nilimpokonya kile kitambaa nikakikanyaga kanyaga mpaka soli ya kiatu ikanuka. Mzee akasikitika sana. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nakusaidia."

Mwisho dereva alikubali, kwa sharti kwamba nikae nyuma kabisa, nimekumbatia mzinga, mgongo kwa abiria. Hivyo ndivyo nilivyoingia Wote, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Njia nzima akina mama wakanisomea: mzinga haubebwi na mwanamke, mwanamke akiugusa asali hukauka, kwani bwana yangu ni mgonjwa? Nilijibu mara ya kwanza na ya pili. Baadaye nikawa naimba tu nyimbo za kwaya moyoni ili nisitukane mtu.

Kathonzweni

Kathonzweni nilifikia kwa binamu yangu. Ilikuwa siku ya soko, na kutoka barabarani hadi kwake lazima upite katikati ya soko lenyewe. Mama mmoja akaniona, akaona mzinga, akanifuata na chupa tupu mkononi.

"Mwaitu, mama yangu, niuzie asali kidogo."

Nikamwambia sina. Akacheka kidogo, kama mtu anayejua utani. Nikamwambia tena sina. Akasema mtoto wake anakohoa usiku, halali, ameambiwa asali ndiyo itamsaidia. Nikamwambia, pole sana, mama, lakini huu mzinga hauna asali, umebeba vitu vyangu. Akaangalia mzinga. Akaniangalia mimi. Watu wengine wawili wakaja na vyombo vyao wakapanga foleni nyuma yake, bila kuuliza!

"Unapelekea watu wa Nairobi," akasema yule mama, sauti imebadilika. "Nyinyi watu wa barabara kuu mmekuwa na roho ngumu."

Mimi! Mimi ambaye nashona sare za watoto wa kanisa bila kuuliza atanilipa nani! Niliweka mzinga chini, nikaenda kwa muuza asali aliyekuwa ameketi upande ule mwingine wa soko, nikanunua chupa nzima, nikarudi nikampa yule mama. Akaipokea kwa mikono miwili, akainua chupa juani, akatabasamu.

"Nilijua unayo," akasema.

Jioni binamu yangu aliniandalia muthokoi na mbaazi, na chai yenye tangawizi. Nikamweleza yote nikitarajia atanihurumia. Alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Halafu akaniuliza, kwa upole, kama kweli hakuna hata kidogo iliyobaki pembeni.

Kuvuka mto Athi

Kutoka Kathonzweni nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua magunia ya ndengu, likaniacha mahali ambapo njia inaanza kuteremka kuelekea mtoni. Nilitembea jua likiniwakia utosini, mzinga mgongoni kwa kamba ya ngozi, redio imefungwa kwa plastiki na kuning'inia shingoni. Redio sikuitoa shingoni hata mara moja safari nzima. Hata nikilala nilijua iko wapi.

Agosti Athi si mto wa kutisha sana. Maji yanafika pajani, na pale kwenye kivuko kuna mwanamume mmoja, Musyoka, anayebebea watu mizigo kichwani. Alibeba kuku, alibeba unga, alibeba bibi kizee mzima mgongoni. Mimi nilipofika akaangalia mzigo wangu na kurudi nyuma.

"Mzinga hubebwa na mwenyewe," akasema. "Nikibeba nitaulizwa nimetoa wapi."

"Mimi ndiye mwenyewe."

"Wewe ni mama."

Basi nikaingia majini mwenyewe, sketi nimeifunga kiunoni, na hasira ikinisukuma kuliko nguvu. Katikati ya mto nikakanyaga jiwe lenye utelezi. Mkono mmoja ukaenda shingoni kushika redio. Kamba ya mzinga ikateleza begani, na mzinga, kwa kuwa ni gogo kavu, ukaelea. Ukaondoka. Ukawa unateremka na mto taratibu, bila haraka, na ndege yangu ndani, nami nikiufuata huku napiga kelele, watu wa kingo zote mbili wamesimama kuangalia. Musyoka ndiye aliyejitupa majini na kuukamata. Nilimshukuru, nilimshukuru kweli, na vifuniko nilikuwa nimeviziba kwa nta kwa hivyo maji hayakuingia.

Lakini alipoufikisha ng'ambo akaugeuza aufute mchanga, akaona alama ya ukoo ubavuni. Akaacha kufuta. Mwezi huo, kumbe, mizinga ilikuwa imeibwa upande ule.

Kwa Mulwa

Nilipelekwa sokoni mbele ya watu, Musyoka mbele na mzinga, sasa amekubali kuubeba, mimi nyuma nimelowa, na kundi la watu nyuma yangu likiongezeka. Walinipeleka kwa Bwana Mulwa. Huyu ana bucha, na ndiye anayesimamia mambo ya ukoo ule upande huo wa mto. Ni mtu mnene, mpole wa sauti, wa kunawa mikono kila mara. Alipitisha kidole chake juu ya ile alama polepole.

"Ni yetu," akasema. "Mama, umetoa wapi?"

"Kwa baba mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

"Ni marehemu."

"Na bwana yako?"

"Yuko Sultan Hamud."

Akatikisa kichwa. "Kwa hivyo mzinga umesafiri peke yake."

"Umesafiri na mimi!"

"Ndiyo hiyo nasema."

Nikaona dawa ni kuwaonyesha. Nikafungua mzinga nikatoa bawa moja, jeupe, lenye mstari mwekundu, nikalishika juu. Nikatoa na redio kwenye plastiki nikavuta eriali. Nilitarajia wataogopa, waniulize mimi ni nani, waite polisi, wafanye chochote. Miaka hii, tangu wanajeshi wa ndege wajaribu kupindua serikali na kuteka redio, ndege na redio kutajwa pamoja kunatosha kumlaza mtu ndani. Hawakujali hata kidogo! Mulwa aliliangalia bawa kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Hiyo ni yako," akasema. "Chukua uende, hakuna mtu anakuzuia. Shida ni mzinga."

"Nitaibeba na nini?"

"Hilo sijui. Mzinga wa ukoo hautembei na mwanamke. Tukikuacha wewe leo, kesho kila mwizi atamtuma bibi yake."

Nikamweleza habari za mashindano. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nikamweleza kwamba nisipofika, redio hii inachukuliwa, na sitapata nyingine mpaka nife. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaagiza niletewe mbavu za mbuzi za kuchoma na ugali. Na hilo ndilo lililonichoma zaidi, jamani, kwamba walikuwa wema! Wananishika kama mwizi na wananiongezea kachumbari. Nilikula. Hasira haijawahi kunizuia kula.

Baada ya kushauriana na wenzake nje ya bucha, Mulwa akarudi na hukumu. Mzinga ungeendelea na safari, kwa sababu jambo langu alikuwa amelielewa. Lakini ungekwenda na mwanamume wa ukoo.

"Nitakwenda nao mimi mwenyewe," akasema. Hakusema nitakwenda nawe.

Usiku nililala nyumbani kwake. Mke wake alinipa kanga kavu, akanitandikia kitanda cha binti yao, na tulipobaki wawili akaniambia, "Usimkasirikie. Huyo hata mimi huniuliza kuku nimetoa wapi." Hapo tu ndipo nilipocheka safari ile.

Kuingia Kitui

Asubuhi Mulwa alichinja kwanza. Ati wateja wa Jumamosi hawawezi kungoja. Nilisimama nje ya bucha nikiangalia jua likipanda na watu wakichagua maini, na kila nikisema "Bwana Mulwa," anajibu "sasa hivi, mama." Tulipopata lori, asubuhi ilikuwa imekwisha.

Yeye alipanda mbele na mzinga, nami nikabanwa kati yake na dereva. Kila liliposimama lori, Mulwa alisalimia watu dirishani na kuwaeleza kisa chote tangu mwanzo, jinsi mzinga ulivyopatikana mtoni, jinsi ukoo ulivyoulinda, na kuninyooshea kidole mwishoni kama kielelezo. Nilikuwa nahesabu upepo tu, nikiangalia majani ya miti yanalala upande gani. Upepo ulikuwa mzuri, wa kusini mashariki, na mimi nilikuwa kwenye lori nikisikiliza salamu.

Katikati ya njia akaniuliza. "Hii kitu yako inabeba nini ikiruka?"

"Haibebi kitu."

"Inauzwa?"

"Hapana."

"Sasa unairusha ya nini?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaona hakuuliza kwa dharau. Nikamwambia ukweli, jambo ambalo hata nyinyi sijawahi kuwaambia. Nikamwambia mimi tangu nikiwa msichana nimeinama. Nimeinamia jembe, nimeinamia watoto, na sasa miaka yote hii nainamia sindano, naangalia chini mpaka shingo imejua njia hiyo peke yake. Pale mlimani, nikiwa na redio mkononi, ndipo mahali pekee ambapo kazi yangu ni kuangalia juu. Wakiichukua redio watakuwa wamenirudisha chini kabisa.

Mulwa akamwambia dereva aongeze mwendo, na kwenye kituo kilichofuata hakusalimia mtu.

Mlimani

Tulifika wamekwisha anza. Magari ya Nairobi yamepangwa juu kwenye majani, watu na kofia zao na chupa za chai, ndege zao za kununuliwa zinang'aa. Mwenyekiti wa chama alikuja kunipokea. Alituangalia sisi wawili: mimi na vumbi langu, Mulwa na koti lake lenye damu ya maini, na mzinga.

"Mama, tulikuwa tumekufuta," akasema. "Tulijua hutaweza kufika."

"Nimefika."

"Tena umeleta na asali!"

Wachache walicheka. Nikafungua mzinga, nikaunganisha ndege yangu mbele yao, na kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu anayejua mbao anajua kazi akiiona.

Hapo kuna desturi ya warushaji lazima niwaeleze. Kila redio ina chaneli yake yenye namba. Penye mashindano kuna ubao, na kwenye ubao kuna vibanio vya nguo, kibanio kimoja kwa kila chaneli. Huwashi redio yako kabla hujachukua kibanio cha namba yako na kukibana kwenye eriali, kila mtu akione. Kikiwa hakipo ubaoni, mwenzako yuko hewani na chaneli hiyo, na wewe unangoja. Kwa sababu redio mbili zikisema kwenye chaneli moja, ndege inasikia mabwana wawili inapata wazimu, na inaanguka. Mgeni anaambiwa hilo kabla hajaambiwa choo kiko wapi.

Nilimweleza Mulwa, na kwa mara ya kwanza akaonekana ameridhika na chama chetu. "Hiyo iko sawa," akasema. "Kila mtu na alama yake."

Nilichukua kibanio changu, nikakibana, nikawasha. Mulwa mwenyewe ndiye aliyeitupa ndege, kwa mikono yake ya kushika mafahali, kama nilivyomwelekeza. Upepo ukaipokea. Nyinyi hamjaona, kwa hivyo sijui niseme vipi. Iliinuka bila sauti yoyote, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikageuka ikiwa imelaza bawa moja, na shingo yangu ikafunguka. Nilisahau pikapu na mto na bucha. Mtu mmoja aliyekuwa akishika saa akawa anatangaza dakika, na dakika zilikuwa zinaenda vizuri, zaidi ya robo saa imekwisha pita.

Halafu bawa la kushoto likadondoka. Nikasukuma kulia. Haikusikia. Ikajigeuza, ikasita, nikaomba kwa sauti mbele ya watu wote, ikaanza kuzunguka ikishuka kwa kichwa, vidole vyangu vikifanya kila vilichofundishwa na hakuna kitu kinachojibu. Ilipiga mawe chini ya mteremko. Sauti yake ilikuwa ndogo tu, kama mtu amekalia kikapu.

Nikageuka. Penye gari lake, nyuma kidogo ya watu, mwenyekiti alikuwa amesimama na redio yake mpya mkononi. Eriali imevutwa yote. Hakuna kibanio. Aliponiona namwangalia akaanza kuirudisha eriali ndani taratibu, kama mtu anayeficha sigara mbele ya mchungaji.

"Pole sana, Mama," akasema. "Upepo wa hapa ni mkali. Bahati mbaya nusu saa haikutimia."

Ati upepo! Sauti iliyotoka kwangu sikuijua. "Kibanio chako kiko wapi?"

"Nilikuwa napima betri tu..."

"Kibanio chako kiko wapi? Changu ni hiki, kila mtu anakiona. Umewasha chaneli yangu, umeua ndege yangu, na sasa unataka na redio? Unaniambia mimi habari za upepo? Nimelala na huu upepo, nimevuka mto na huu upepo, nimeshikwa kama mwizi kwa mzinga wa mkwe wangu, na wote waliniuliza, hata wale waliokosea waliniuliza! Wewe umeniangusha bila hata kuuliza nani yuko hewani!"

Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Chini kule Mulwa alikuwa ameteremka kati ya mawe, anaokota vipande kimoja kimoja na kuviweka kwenye koti lake.

Mwenyekiti akashusha sauti. Akasema tuelewane, ni ajali, basi redio nichukue tu iwe yangu, yaishe.

Na hapo ningekubali, mngesema nimefanya vizuri. Ndiyo niliyoifuata. Lakini nilijiona nimekaa dukani na redio ya kupewa ili ninyamaze, na nikaona sitaweza kuigusa.

"Sitaki redio ya pole," nikamwambia. "Nilikuja kuistahili. Leta ndege yako."

"Ndege yangu?"

"Redio zetu ni za aina moja, na ni chaneli moja, sote tumeona. Yako itanisikia mimi. Nusu saa. Nikishindwa chukua ndege yako na hii redio uende."

Alitafuta msaada kwenye nyuso za wenzake akakosa. Yule aliyekuwa na saa akasema, "Ni haki yake." Wakaileta. Ndege nzuri, jamani, laini kama yai, ya kutoka ng'ambo, rangi ya machungwa, bei yake ni duka langu pamoja na cherehani. Mulwa alikuwa amerudi. Akaviweka vipande vyangu ndani ya mzinga, akavifunika, akaja akaitupa.

Ilinisikia tangu mwanzo. Nawaambia kweli, ilikuwa bora kuliko yangu, na hilo nalo likaniuma. Niliiweka kwenye upepo na kuipeleka kule na kurudi, na kila ikipita juu ya yale mawe nilijua kidole kimoja tu kingetosha. Kidole kimoja, nusu ya pumzi. Nilitaka. Mungu anajua nilivyotaka, na mwenyekiti naye alijua, kwa sababu kila ilipofika pale uso wake ulikuwa unakauka. Niliipitisha hapo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mtu wa saa akasema nusu saa imetimia. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanangoja waone nitafanya nini.

Nikaigeuza ikabiliane na upepo, nikaishusha polepole, nikailaza kwenye majani miguuni pa mwenyekiti bila hata kuchubua rangi. Ndege haikuwa imenikosea. Alipiga magoti akaishika tumbo, akaigeuza, akaikagua bawa kwa bawa, na alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamelowa.

Nilizima redio yangu, nikaitia kwenye plastiki yake na kuivaa shingoni. Kisha nikabandua kibanio kwenye eriali, nikamwekea kiganjani na kumfunga vidole.

"Shika," nikamwambia. "Sasa unaweza kuwasha."